Umeandikiwa PET kwa sababu ya TB ya utumbo? Soma hii kabla hujatoka Dodoma

Ndugu zangu wa Dodoma, Singida, Manyara na huko vijijini Bahi, Chemba, Kongwa, naandika hii kwa ajili ya mgonjwa au ndugu anayemuuguza ambaye daktari kamwambia "tunahisi TB ya tumbo, lakini tunataka picha ya nyuklia", yaani hiyo PET, halafu akapewa barua ya rufaa na kubaki anaishangaa. Kipimo chenyewe hakina maumivu makubwa. Kinachowaponza watu ni maandalizi, na kudhani picha ikitoka basi jibu limepatikana. Picha ya nyuklia inakuonyesha mahali pa kutafuta, jina la ugonjwa linatajwa na kinyama, yaani kipande kidogo kinachokatwa mwilini, kilichopimwa maabara. Ukilishika hilo, mengine yote humu utayaelewa.

Kwanza tuelewane huu ugonjwa. TB ya utumbo inapenda sana ile sehemu ya chini kulia, pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana. Mtu anaumwa tumbo miezi na miezi, anapungua, jioni homa, usiku jasho, siku nyingine anaharisha siku nyingine hapati choo kabisa, wengine tumbo linajaa maji. Na kwa sababu dalili zinafanana na kila kitu, mgonjwa anazungushwa: leo taifodi, kesho amiba, keshokutwa vidonda vya tumbo, na kati hapo dawa ya minyoo na mitishamba. X-ray ya kifua inaweza kutoka safi kabisa na bado TB ikawa tumboni, kwahiyo usikubali mtu akwambie "kifua kizuri, TB hamna". Vimelea vinaingia kwa kumeza makohozi ya TB ya mapafu, kwa njia ya damu, na pia kwa maziwa mabichi ya ng'ombe mwenye TB, jambo ambalo sisi wa ukanda wa mifugo inabidi tulitaje kwa daktari bila aibu. Kama nyumbani mnakunywa maziwa bila kuchemsha, sema.

Sasa kabla hata ya kufikiria PET, hakikisha vya hapa hapa vimefanyika. Hili nalisisitiza kwa sababu nimeona familia zinauza mbuzi kwenda kupiga picha ya gharama wakati kipimo cha makohozi, ambacho ni bure, hakijafanyika. Ukiwa Dodoma mjini una General, yaani hospitali ya rufaa ya mkoa, na una Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM ambako CT (picha ya X-ray ya kompyuta) na kolonoskopi (kamera inayopitishwa njia ya haja kubwa kuangalia utumbo) vinafanyika. Uliza hivi: nimepimwa makohozi kwa GeneXpert, ile mashine inayotafuta vinasaba vya TB? Nimepimwa HIV na sukari? Altrasaundi ya tumbo imefanyika, na kama kuna maji tumboni yamevutwa yakapelekwa maabara? CT ya tumbo? Kolonoskopi imefanyika, na kinyama kilichukuliwa vipande vingapi, na je vingine vilipelekwa GeneXpert na kuoteshwa (vimelea kukuzwa maabara) au vyote vilienda kwenye darubini tu? Swali hilo la mwisho wengi hawaliulizi, na ndilo lenye uzito kuliko yote, maana vimelea vya TB ya utumbo huwa vichache, ukipima kwa njia moja tu unaweza kuvikosa. Kuotesha kunachukua hadi wiki 6 au 8, kwahiyo majibu yakichelewa usidhani yamepotea, ila fuatilia, namba ya sampo iandike kwenye simu.

Watu wengi majibu yao yanapatikana hapo hapo na wanaanza dawa bila PET. Hao wasihangaike. PET inakuja pale ambapo kinyama kimetoka na majibu yasiyoeleweka, au kolonoskopi haikufika panapotakiwa, au daktari yuko njia panda kati ya TB, ugonjwa wa Crohn (kinga ya mwili kuushambulia utumbo wenyewe kwa muda mrefu), na kansa ya utumbo au ya tezi za limfu. Crohn na TB vinafanana mno, vidonda pale pale, utumbo kuwa mwembamba pale pale. Na hapa pana hatari ya kweli, Crohn inatibiwa kwa dawa za kushusha kinga kama prednisolone, na mwenye TB ukimpa hizo peke yake TB inaweza kusambaa mwili mzima. Ndiyo maana madaktari wanakuwa wagumu kuamua haraka, msiwaone wanawazungusha.

PET inafanyaje kazi? Unachomwa sindano ya sukari iliyotiwa mionzi kidogo, inaitwa FDG. Seli zenye kazi nyingi zinakula sukari nyingi, na sehemu yenye TB hai imejaa seli za kinga zinazopambana, basi zinaivuta hiyo sukari na kwenye picha panang'aa. Mashine inaunganisha na CT kwahiyo unaona panapong'aa ni kipande kipi cha utumbo, tezi ipi, au utando gani wa tumbo. Uzuri wake ni kwamba inapiga kuanzia kichwani au shingoni mpaka mapajani kwa mara moja. Mapungufu yake ni hayo hayo, kansa nayo inakula sukari, Crohn nayo inakula sukari, na hata utumbo usio na ugonjwa wowote huwa unang'aa kiasi, hasa pale chini kulia penye tezi nyingi. Kwahiyo mtu akikuambia "PET imeonyesha TB" muulize, imeonyesha TB au imeonyesha mahali pana moto?

Faida yake kubwa kwa mgonjwa wetu ni hii. Tuseme mama ana uvimbe wa tumbo, kolonoskopi imerudi "hakuna kinachoonekana dhahiri". PET inapigwa, tumboni panang'aa kama ilivyotarajiwa, lakini pia kanang'aa katezi kadogo juu ya mtulinga wa kushoto ambako hakuna aliyekagusa. Hako katezi kanatobolewa kwa sindano tu, bila kupasuliwa tumbo, sampo inaenda GeneXpert, na kama ni TB jibu linapatikana bila hata kuugusa utumbo. Hapo ndipo hela ya PET inarudi. Kwahiyo ukipewa barua, muulize daktari moja kwa moja: "ukishaiona hii picha, utachukua kinyama wapi?" Kama jibu halipo, ongea naye zaidi kabla ya kukata tiketi.

Rufaa ya PET kutoka huku kwetu kwa kawaida inaelekea Dar, wenye uwezo wengine wanaenda Nairobi, Aga Khan ya kule ina mashine na mtambo wake wa kutengeneza dawa. Piga simu kabla, na piga tena siku moja kabla ya safari. Sababu ni kwamba FDG haiwekwi stoo, kila baada ya dakika 110 nusu ya nguvu yake inakuwa imeisha, inatengenezwa asubuhi inatumika siku hiyo hiyo, mtambo ukigoma asubuhi wagonjwa wote wa siku hiyo wanaahirishwa. Hilo likitokea hakuna wa kulaumu, lakini uwe na hela ya kulala usiku mmoja wa ziada. Kuhusu bima, nenda dirisha la bima ukiwa bado Dodoma, uliza kama kipimo kinalipiwa na kibali kinatoka wapi, upate jibu la maandishi. Kwa kuamini jibu la simu tu watu wamefika Dar wakaambiwa wajilipie.

Jambo jingine ambalo halizungumzwi. Ukitumwa Ocean Road, taasisi ya saratani ya Dar, ambako kitengo cha tiba ya nyuklia kipo, mtaani wanajua Ocean Road ni kansa basi. Simu zinaanza kupigwa, bibi analia Mpwapwa, wengine wanaanza kuchangishana. Kaa na familia uwaeleze mapema kwamba unaenda kupigwa picha, na kwamba mionzi ya picha sio ile ya kuchoma kansa, nywele hazinyonyoki, ngozi haiungui. Kiasi cha mionzi kutoka kwenye sindano ya FDG ni kama milisiverti (kipimo cha mionzi) 7 hivi, CT inaongeza yake juu, na binadamu wa kawaida anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani bila kupima chochote. Sio kitu cha kupiga kila mwezi kwa kujaribu, ila sio kitu cha kukimbia mtu akiwa na sababu.

Kama una kikohozi, hakikisha makohozi yamepimwa kabla ya kupanda treni au basi. TB ya utumbo peke yake haiambukizi kwa hewa, lakini baadhi wana ya mapafu pia, na chumba cha kusubiria PET kimejaa wagonjwa wa kansa ambao kinga zao ziko chini. Vaa barakoa ukiwa na shaka.

Maandalizi sasa, na hapa naomba msome taratibu.

Siku moja kabla acha wanga na sukari. Maana yake hakuna ugali wa aina yoyote, wa mahindi wala wa mtama wala wa uwele, hakuna wali, chapati, viazi, ndizi, uji, mkate, maandazi, soda, asali, juisi ya ubuyu, na zabibu zetu pia hapana hata kama ni msimu wake. Maziwa nayo yana sukari yake, yaache. Kula mayai, samaki, kuku wa kienyeji, nyama, mchicha, mlenda. Najua kumwambia Mgogo ale mlenda bila ugali ni mtihani, lakini ni siku moja. Kama unasafiri siku hiyo, pika kuku na mayai ubebe, maana njiani utauziwa biskuti, mahindi ya kuchoma na soda, na hivyo ndivyo vilivyokatazwa.

Siku hiyo pia usifanye kazi nzito. Usilime, usibebe ndoo, usikimbie kituoni na begi kichwani, mkabidhi anayekusindikiza. Misuli iliyotumika inavuta ile sukari, picha inachafuka mikono na miguu inang'aa. Ndiyo maana mimi nashauri usipande treni alfajiri kwenda kupiga PET mchana huo huo hata kama treni ya umeme inafika mapema, nenda siku moja kabla, lala, pumzika.

Usiku wa kuamkia kipimo funga chakula kwa muda wa angalau saa 6 kabla ya sindano. Maji matupu kunywa na yawe mengi, chai bila sukari uliza kwanza. Hata pipi na bigijii hapana, na dawa ya kikohozi ya maji nyingi zina sukari.

Wenye kisukari, hii ni yenu peke yenu. Sukari ikiwa juu, vituo vingi wakiona zaidi ya milimoli 11 kwa lita wanakuahirisha, kwa sababu sukari yako inagombania njia na ile FDG. Halafu kuna metformin, vidonge vya kisukari. Metformin inafanya utumbo mzima ung'ae kama taa, na sisi tunatafuta ugonjwa kwenye utumbo huo huo, kwahiyo ukipiga PET ukiwa unaimeza daktari wa picha anaweza asiambulie kitu. Mara nyingi inasimamishwa kama saa 48 kabla, lakini usijisimamishie mwenyewe, daktari wa sukari akupangie mbadala na akwambie unarudi lini. Insulini vilevile, ukichoma ile ya haraka karibu na muda wa sindano sukari yote inakimbilia kwenye misuli, kwahiyo mwambie mhudumu ulichoma saa ngapi.

Dawa nyingine za kutaja, na usifiche hata moja: prednisolone au dexamethasone, hata zile ulizopewa duka la dawa kwa ajili ya mwili kuuma, zinazima moto na picha inaweza kudanganya. Sipro (ciprofloxacin) na ndugu zake kama levofloxacin ambazo watu wanameza kila wakiharisha, hizo zinavipiga vimelea vya TB nusunusu, zinavificha bila kuvimaliza, majibu ya kuotesha yanaharibika. Na kama umeshaanza dawa za TB, sema umeanza tarehe ngapi. Usiache dawa za TB ili picha itoke vizuri, hapana, mgonjwa aliyezidiwa matibabu yanatangulia picha.

Mwanamke mwenye uwezekano wa ujauzito aseme mapema hata kama hedhi imechelewa siku chache tu. Anayenyonyesha aulize siku ya kupiga simu, sio akiwa tayari na kanula mkononi, ili apange mtu wa kumbeba mtoto saa kadhaa.

Vaa nguo za joto. Hii inawashangaza wengi, Dar joto, nguo nzito ya nini? Vyumba vya PET vina kiyoyozi kikali, na mwili ukihisi baridi kuna mafuta maalum ya shingoni na mabegani yanaanza kuchoma sukari ili kukupasha, nayo yanang'aa, na kama unavyokumbuka shingoni ndipo tunatafuta tezi. Beba shuka au kitenge kizito. Mkanda wa chuma, cheni na shanga za kiunoni acha nyumbani.

Ukifika unapimwa sukari, uzito na urefu, unawekewa kanula, sindano inaingia, huhisi chochote zaidi ya ubaridi mkononi. Halafu unalazwa kwenye chumba tulivu kama saa nzima. Hapo usichati, usiongee na simu, usitafune, lala tu. Wahudumu wakikukimbia kidogo na kuongea nawe kwa mbali usijisikie vibaya, wao wanakaa na mionzi kila siku wanajikinga. Kabla ya kupanda mezani nenda kakojoe mpaka kibofu kiishe, FDG inatoka kwa mkojo na kibofu kilichojaa kinang'aa mpaka kinaficha utumbo wa nyonga. Mezani ni kama dakika 20 hadi 30, mikono juu, tulia.

Ukitoka, kula, kunywa maji mengi, kojoa mara kwa mara, choo ukiflashi mara mbili na unawe. Saa chache za mwanzo usimpakate mtoto wala kukaa ubavuni kwa mjamzito. Ukilala ukaamka, iliyobaki ni kidogo sana.

Wengine badala ya PET mtaandikiwa vipimo vya gama kamera, mashine ya nyuklia ya kizazi cha zamani. Cha galiamu-67, dawa nyingine ya mionzi, unachomwa leo unapigwa picha baada ya siku 2 au 3, kwahiyo panga malazi. Kwa mapafu kilisaidia sana zamani, kwa tumbo kina shida, galiamu yenyewe inatolewa kupitia utumbo mpana, kwahiyo kung'aa kwa utumbo kunaweza kuwa ni choo tu. Kingine ni cha chembe nyeupe za damu, wanakutoa damu, wanaitia teknishiamu (nayo dawa ya mionzi), wanakurudishia, wanapiga picha saa chache baadaye. Hicho kinazipata vizuri chembe zinazokimbilia usaha na Crohn kali, lakini TB ni ugonjwa wa polepole wenye chembe za aina nyingine, kinaweza kutoka safi na TB ipo. Kwa maoni yangu kama hicho ndicho pekee ulichoandikiwa kutafuta TB ya utumbo, rudi kwa daktari muongee, pengine kurudia kolonoskopi hapa hapa Dodoma kungefaa zaidi.

Ripoti utaikuta imejaa maneno. Ukiona imeandikwa uvutaji wa FDG umeongezeka kwenye ileamu ya mwisho na sekamu, ukuta umenenepa, maana yake ni ile kona ya chini kulia. Tezi zenye katikati peusi kwenye CT zinaelekeza TB, bila kuithibitisha. SUV ni namba ya ukali wa kung'aa, na watu wanapenda kuigoogle wakiona 10 wanajua ni kansa. Hapana. TB hai inaweza kuwa na namba kubwa kuliko kansa nyingine, namba peke yake haitenganishi.

Omba CD ya picha zote pamoja na ripoti, usiondoke na karatasi tu. Rudi nayo kwa daktari aliyekuandikia, mwambie waipange kolonoskopi au sindano ya kinyama kwa kufuata picha, na waulize maabara kama kile kinyama cha mwanzo kilichohifadhiwa kwenye nta bado kipo, kinaweza kusomwa upya na mtaalamu mwingine.

Wakati wote huu wa kusubiri, tumbo likivimba, ukatapika mfululizo, ukawa hupitishi choo wala hewa, utumbo umeziba au unaelekea kuziba. Hapo hakuna cha PET, ni bodaboda, bajaji au chochote mpaka mapokezi ya dharura, hata kama tiketi ya Dar iko mfukoni.

Na jibu likiwa TB, dawa ni bure kwenye vituo vya serikali, kwa kawaida miezi 6, aina nne kwa miezi 2 ya mwanzo halafu mbili kwa miezi 4, na unaweza kuzichukua kituo cha karibu na kwako, sio lazima mjini. Mkojo kuwa wa rangi ya machungwa ni rifampicin, moja ya dawa hizo, usishtuke. Kama daktari alianza dawa kwa kuhisi tu, baada ya miezi 2 au 3 kolonoskopi ya kurudia inamwonyesha kama vidonda vinapona, na vikiwa havijapona inabidi suala la Crohn, kansa au TB sugu lifunguliwe upya. PET ya pili ni ya wachache ambao utumbo wao haufikiwi. Macho yakiwa ya njano, mkojo mweusi kama kahawa, au kichefuchefu kisichoisha, acha vidonge siku hiyo hiyo na uende kituoni na kadi yako ya TB wakupime ini.